Miguu Yetu na Zana Zake

Enyi ndugu wasomaji, miguu twaiosha kwa udhu mara kadhaa kila siku, lakini ni wangapi kati yetu huitazama? Zana zake ni chache: kikata kucha, jiwe la kusugulia magaga, kitambaa kikavu na mafuta. Kila mtu na awe na zake, wala zisiazimwe.

Kucha zikatwe kwa mstari ulionyooka, zisichongwe pembeni, zisije zikaota ndani ya nyama. Anas bin Malik amepokea kwamba zisiachwe zaidi ya siku 40. Magaga yalainishwe kwanza kwa maji ya uvuguvugu, kisha yasuguliwe polepole. Baina ya vidole pakaushwe vema; mafuta yapakwe kisiginoni, si hapo.

Wembe twaukataza. Mzee mwenye ugonjwa wa sukari huenda asihisi maumivu nyayoni. Akichonga sugu akajikata, hana habari, na jeraha lake huchelewa kupona, hata pengine mguu ukakatwa. Basi enyi vijana, watazameni wazee wenu nyayo kila jioni, na mkiona jeraha wapelekeni kwa tabibu bila kukawia.