Upeo Ukinyooshwa, Nani Hukatwa?

Bahari haina mteremko. Atazamaye kutoka ufuo wa Nyali huona maji na mbingu vikikutana kwa mstari ulionyooka. Ndiyo maana picha ambayo bahari yake imeinama upande mmoja hulikera jicho mara moja, kana kwamba maji yatamwagika.

Siku hizi dawa ya kasoro hiyo imo mikononi mwetu. Simu na tarakilishi zina programu za kuzungusha picha kwa nyuzi chache hadi upeo unyooke. Hata hivyo, dawa hiyo ina gharama ambayo wengi hawaioni. Picha ni mstatili. Ukizungushwa, pembe zake hutoka nje ya fremu na kuacha mapengo. Ili kuyaondoa, programu hukata kingo. Mwalimu wa hisabati anaweza kulithibitisha hilo ubaoni: picha ambayo pande zake ni 4 kwa 3, ikizungushwa nyuzi 2 na kubakishiwa umbo lake, hupoteza takriban asilimia 9 ya eneo lake. Kwa nyuzi 5, hasara hukaribia asilimia 19.

Sasa tuizingatie picha ya darasa zima. Ni nani husimama ukingoni? Aghalabu ni mgeni, aliyechelewa kufika, au mwenye haya. Upeo ukinyooshwa bila uangalifu, bega lake hukatwa, pengine na uso wake. Picha itapendeza, lakini kumbukumbu ya darasa itakuwa imemtoa mtu aliyekuwapo.

Tena, si kila mstari ulioinama ni kosa. Mashamba mengi ya majani chai huko Kericho yako miteremkoni. Anayeusawazisha mteremko huo uwe kama bahari huzilaza upande nyumba na nguzo. Pasipo na bahari, kipimo cha haki ni ukuta au mlingoti wa bendera ulio karibu na katikati ya picha.

Wahenga walinena: samaki mkunje angali mbichi. Yafaa wanafunzi wafunzwe kuinyoosha kamera kabla ya kubonyeza, wakiitumia mistari ya gridi iliyo kwenye kioo cha simu, na kuacha nafasi pande zote za kundi. Kunyoosha baadaye si haramu, mradi picha ya awali ihifadhiwe. Ila kabla ya kuichapisha ile iliyonyooshwa, na tuhesabu vichwa: waliosimama mbele ya kamera wawe ndio walio ndani ya picha.