Muvi ya Kusikiliza

Katika saluni nyingi za kusuka, runinga imetundikwa juu kabisa, kwenye kona, mahali ambapo msusi hawezi kuiona bila kugeuza shingo. Anayesukwa naye ameinamishwa kichwa, macho yake yako magotini. Hata hivyo runinga hiyo inawaka tangu mlango unapofunguliwa mpaka unapofungwa, na ukiingia katikati ya tamthilia ukauliza imefikia wapi, wote wawili watakujibu bila kusita: mama mkwe ameshaiona ile barua, kaka mtu amerudi, na binti bado hajui kwamba aliyezikwa hakuwa baba yake. Wamejuaje, nao hawakutazama?

Vitabu vingi vya filamu havina jibu, kwa sababu vinamfikiria mtazamaji wa namna moja tu: amelipa kiingilio, amekaa gizani, kimya, macho mbele. Mtazamaji huyo alikuwepo kwetu, tena kwa wingi. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures cha mwaka 2018, ameeleza jinsi watu wa Zanzibar, Dar es Salaam na miji mingine ya Tanzania walivyojipamba kwenda sinema, na jinsi filamu ya Kihindi ya Jumapili ilivyokuwa shughuli ya familia nzima. Ukishakaa kwenye kiti cha jumba la sinema la Majestic au Avalon na taa zikazimwa, macho hayakuwa na pengine pa kwenda.

Runinga ya nyumbani ina ukoo mwingine, nao ni wa redio. Mwaka 1930, mjini Chicago, mwandishi Irna Phillips alianza kurusha redioni mchezo wa kila siku ulioitwa Painted Dreams, na mwaka 1937 akaja na mwingine, Guiding Light. Michezo ya namna hii ilirushwa mchana na kulipiwa na makampuni ya sabuni, ndiyo maana Wamarekani wakaipa jina la sabuni. Msikilizaji wake alijulikana vizuri: mwanamke aliyeko nyumbani, mikono yake imo kwenye maji ya vyombo au kwenye nguo za kupiga pasi. Mwandishi asingeweza kumtaka aache kazi akae kitako. Kwa hiyo aliandika kwa namna itakayomfikia pale pale alipo. Majina yalitajwa mara kwa mara. Jambo kubwa halikusemwa mara moja. Lilisemwa Jumatatu kwa jirani, likarudiwa Jumatano kwa mume, na Ijumaa likafika kwa mtu ambaye hakutakiwa kabisa kulijua. Aliyetoka nje kuanika nguo akarudi, alikuta hadithi inamngoja.

Mwaka 1952 Guiding Light ilihamia kwenye televisheni, ikaendelea mpaka mwaka 2009. Umbo lake lilibaki lile la redio: mazungumzo mengi, kurudia kwingi, watu wamesimama sebuleni wakielezana. Wahakiki waliliita uvivu. Mimi naona humo adabu ya kazi, adabu ya mtu anayejua kwamba anaongea na mwenye shughuli. Nasi tuliizoea adabu hiyo kwa masikio kabla ya macho. Zanzibar ilipata televisheni mapema, miaka ya mwanzo ya 1970, lakini Tanzania Bara ilingoja mpaka mwaka 1994. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mchezo wa redio wa Twende na Wakati ulipoanza kurushwa na Radio Tanzania, sufuria zilikuwa jikoni na redio ilikuwa dirishani, na hakuna aliyeona kwamba mpishi anaudharau mchezo kwa kuwa anakoroga mchuzi.

Jibu la swali la saluni lilipatikana kwa watoto. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Elizabeth Lorch, Daniel Anderson na Stephen Levin wa Chuo Kikuu cha Massachusetts waliwaonyesha watoto wa miaka mitano kipindi cha Sesame Street. Baadhi waliwekwa kwenye chumba kisicho na kitu cha kuchezea, wengine wakawekwa kwenye chumba chenye vichezeo tele. Wale wasio na vichezeo walikuwa na macho kwenye skrini zaidi ya asilimia 80 ya muda. Wenye vichezeo walitazama karibu nusu ya hapo. Kila mtu angetegemea kwamba watakapoulizwa maswali, wenye vichezeo watashindwa. Hawakushindwa. Walielewa sawa na wenzao.

Matokeo haya, yaliyochapishwa mwaka 1979, yalibadili namna ya kumwelewa mtazamaji. Mtoto hakuwa akipumbazwa na skrini. Alikuwa akigawa macho yake kwa akili, na aliyekuwa akimwambia lini ainue kichwa ni sikio. Sauti ya mwanamke au ya mtoto ikisikika, muziki ukibadilika, kishindo kikitokea, kichwa kinainuka. Maongezi yakiwa ya watu wazima yasiyomhusu, kichwa kinarudi kwenye vichezeo. Sikio limekaa mlangoni kama bawabu, linamwita bwana wa nyumba pale tu mgeni anapostahili.

Anderson aligundua jambo jingine ambalo kila aliyewahi kuunguza maharage atalitambua. Mtu akiinua macho kutazama skrini, mara nyingi anatazama kwa sekunde chache tu, kisha anayarudisha. Lakini akishapita sekunde 15 hivi, uwezekano wa kuyaondoa unazidi kupungua. Kadiri unavyotazama ndivyo unavyonata. Kwa hiyo muvi inayofaa kuwekwa huku unafanya kazi ni ile inayokuita kisha ikakuachia. Ndiyo maana watu huchagua waliyokwisha kuiona mara nyingi. Steringi wa Commando hafi, tunajua tangu mwaka 1985, basi sikio linaweza kupumzika hata risasi zikilia. Filamu mpya yenye siri inakuwekea deni: ukikosa dakika moja, hutaelewa mwisho. Muvi ya zamani haikudai chochote.

Filamu za Kihindi zilikuwa na kipaji hiki tangu zamani. Sholay ya Ramesh Sippy ilitoka mwaka 1975 na ina urefu wa zaidi ya saa tatu. Mazungumzo yake, yaliyoandikwa na Salim Khan na Javed Akhtar, yalipendwa mno hata yakatolewa kwenye santuri na kanda: si nyimbo peke yake, bali maneno ya wahusika. Huko India santuri na kanda hizo zilisikilizwa kwenye vibanda vya chai, na watu wakayakariri maneno ya jambazi Gabbar Singh kama mtoto anavyokariri methali. Hebu lifikirie jambo hili kidogo. Filamu iliyopigwa kwa picha kubwa ya skrini pana, yenye farasi na treni na milima ya mawe, ikauzwa bila picha, na wanunuzi hawakuona kwamba wamepunjwa.

Sisi tulifanya zaidi ya hapo. Tulimweka mtu ndani ya filamu. Anayeyakumbuka mabanda ya video ya Dar es Salaam anaikumbuka sauti ya Lufufu, jina la kazi la Kapteni Derek Mukandala, aliyezitafsiri filamu za Kihindi, za Hong Kong na za Kinigeria kwa Kiswahili. Sauti ya filamu yenyewe inashushwa, yake inapanda juu, na kuanzia hapo huyu mmoja ndiye steringi, ndiye jambazi, ndiye mama anayelia na ndiye jirani anayemsema mama anayelia. Hasemi tu walichosema wahusika. Anakueleza huyu ni nani, ana kisa gani na yule, kwa nini anashuka kwenye gari polepole namna ile, na wewe ungekuwa mahali pake ungefanya nini. Kenya wanaye DJ Afro, Uganda wana ma-VJ wao wa Kiganda kama VJ Jingo.

Wasomi wamewaandika watafsiri hawa kama madaraja ya lugha, na ni kweli: walitufungulia filamu ambazo tusingezielewa. Lakini kuna kazi nyingine waliyoifanya ambayo haijasifiwa vya kutosha. Waliigeuza filamu ikawa kitu cha kusikilizwa na mtu aliyeipa mgongo. Shangazi yangu alikuwa fundi cherehani, na meza yake ilitazama barabara kwa ajili ya mwanga. Runinga ilikuwa nyuma yake. Muvi za Kiingereza zisizotafsiriwa hazikumfaa kitu, kwani filamu ya mapigano bila mtafsiri ni dakika nyingi za vishindo na pumzi tu. Iliyotafsiriwa aliifuata yote, pindo baada ya pindo, na akicheka ulijua bila kutazama kwamba kuna mtu kwenye filamu amedanganywa. Mara moja moja mtafsiri alipopandisha sauti na kutuambia tuangalie wenyewe, mguu wake uliachia pedali, akageuka, akaona kilichopaswa kuonwa, akarudi kwenye kitambaa. Mtafsiri mzuri anajua pa kumwita fundi.

Desemba 2024 jarida la n+1 la New York lilichapisha makala ndefu ya Will Tavlin kuhusu Netflix. Humo waandishi kadhaa wa filamu walieleza kwamba wamekuwa wakiombwa wamfanye mhusika atangaze analolifanya, ili mtazamaji aliyewasha skrini huku akifanya mambo mengine asipotee. Wengi waliisoma habari hiyo kama msiba wa sanaa. Nami pia huzuni yao naielewa, ila nadhani wamekosea mahali pa ugonjwa. Kumhudumia mtu mwenye kazi mikononi si kosa. Irna Phillips alifanya hivyo, na Lufufu vilevile. Kosa ni kumhudumia bila kumpenda. Mtafsiri wa banda la video anaongeza maneno kwa sababu hadithi imemjaa na anataka ikufikie. Mhusika anayelazimishwa kusema kwamba sasa anaingia chumbani kumtafuta mumewe haongezi chochote; anatoa ripoti. Sikio linaitambua tofauti hiyo upesi, nalo likichoka na ripoti haliamshwi tena hata na kishindo.

Kazi zenyewe nazo hazilingani, na hapa shangazi yangu aliwatangulia wataalamu. Akishona, sauti ilikuwa juu. Akishika futi ya kupimia, alimwambia yeyote aliye karibu: "Punguza kwanza, mwanangu." Wakati wa kupima na kukata hakutaka neno. Mwaka 1976 watafiti wa Marekani, Colle na Welsh, waliwapa watu herufi za kukumbuka kwa mpangilio huku wakisomewa maandishi ya Kijerumani, lugha wasiyoijua. Walikosea zaidi kuliko walipokuwa kwenye ukimya. Hawakuelewa hata neno moja, na bado maneno yaliwavuruga. Anayeshikilia orodha akilini huishikilia kwa sauti ya ndani, akiirudia kimoyomoyo: kiuno 32, urefu 41, bega 15. Sauti ya binadamu kutoka nje inapita njia hiyo hiyo na kuisukuma. Kupindisha pindo, kumenya viazi, kuchambua mchele, kusuka mabutu hakutumii njia hiyo, kwani vidole vina kumbukumbu yake. Kuhesabu fedha, kusoma mkataba, kufanya hesabu za shule kunaitumia. Mwanafunzi anayekwambia kwamba anasoma vizuri zaidi tamthilia ikiwa inaongea hakudanganyi kuhusu anavyojisikia. Sebule yenye sauti ina joto la watu. Ila kurasa zake zinalipa gharama.

Na kuna mmoja chumbani ambaye hakuulizwa. Mwaka 2008 Marie Evans Schmidt na wenzake, Anderson akiwemo, walichapisha utafiti wa watoto 50 wa umri wa mwaka mmoja hadi mitatu. Kila mtoto alicheza kwa saa moja, na kwa nusu ya saa hiyo runinga ilionyesha Jeopardy!, shindano la maswali la watu wazima ambalo mtoto wa umri huo hana haja nalo. Waliitazama mara chache sana, tena kwa kutupia jicho tu. Lakini runinga ilipokuwa imewashwa, michezo yao ilikatika upesi zaidi: mtoto anaanza kupanga, anainua kichwa, anasahau alichokuwa akipanga, anaokota kitu kingine. Yule wa miaka mitano alijua kumtumia bawabu wake. Huyu mdogo bado hana bawabu. Kila sauti ni mgeni wake. Na mwaka uliofuata kundi hilo la watafiti lilionyesha kwamba wazazi nao huongea kidogo zaidi na watoto wao runinga ikiwa imewashwa pembeni. Ninapoingia kwenye nyumba ambayo mama anapika, tamthilia inaongea, na mtoto yuko mkekani na vifuniko vya sufuria, simlaumu mama huyo. Siku nzima hana mtu mzima wa kuongea naye isipokuwa hao wa kwenye skrini. Ningetamani tu mtoto apewe saa yake, asubuhi, vifuniko vikilia peke yake.

Mwaka 2011 TBC ilirusha tamthilia ya Kichina iliyoingiziwa sauti za Kiswahili, Doudou na Mama Wakwe Zake. Ilipendwa sana, hata Rais Xi Jinping akaitaja kwenye hotuba yake ya Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Nyumba ya Beijing, sofa ya Beijing, na mama mkwe anayelalamika kwa Kiswahili sanifu kuhusu chakula. Niliifuata zaidi saluni, nikiwa nimekaa kwenye benchi kumngoja dada yangu, na sehemu ninayoikumbuka kuliko zote sikuiona. Umeme ulikatika katikati ya ugomvi. Feni ikasimama, wote tukaguna. Msusi hakuinua kichwa. Alivuta uzi, akagawa nywele kwa kitana, akasema, "Sasa hapo yule mama atamwambia mwanawe achague," na akaendelea kutusimulia, kwa sauti ya yule mama kabisa, mpaka kichwa kikaisha.