Mtoto Akishuka Baiskeli na Ganzi

Leo tunazungumza juu ya baiskeli, hasa kile kiti chake. Usicheke, mama. Sikiliza kwanza.

Siku moja mama mmoja alikuja kliniki kupima uzani wa mtoto wake mdogo. Lakini lililomkera siku hiyo ni kifungua mimba wake, kijana wa miaka 14. Baba yake alikuwa amemnunulia baiskeli kuukuu ili awahi shule, maana njia ni ndefu na nauli ya kila siku haipatikani. Baada ya wiki mbili kijana aliiacha baiskeli nyumbani, akawa anatembea kwa miguu na kuchelewa. Mama aliona ni uvivu, akamchapa. Mwishowe mjomba wake alimketisha kando, ndipo kijana akasema, “Mjomba, nikiendesha, huku chini hufa ganzi. Naogopa nimeharibika.”

Mama, mtoto huyu hakuwa mvivu. Alikuwa na hofu, na aibu ilimfunga mdomo. Tena tatizo lake lilihitaji spana tu, na dakika chache za fundi.

Ganzi hutoka wapi?

Keti juu ya benchi la mbao, kisha weka viganja vyako chini ya makalio. Utahisi mifupa miwili migumu, mmoja kila upande. Hiyo ndiyo mifupa ya kukalia, na ndiyo inayopaswa kubeba uzito wetu juu ya baiskeli.

Katikati ya mifupa hiyo pana msamba, yaani pale baina ya sehemu ya siri na njia ya haja kubwa. Hapo hupita mishipa ya fahamu na mishipa ya damu inayokwenda sehemu za siri. Kiti kikikandamiza hapo muda mrefu, mishipa hubanwa na ganzi huingia, sawa na mkono unapoulalia usiku. Huwapata wavulana na wasichana, na hata sisi watu wazima.

Basi tofautisha mambo mawili. Mtu aliyeanza kuendesha akiumwa na mifupa ya makalio kwa wiki moja au mbili, hilo ni la kawaida. Mwili unazoea, kama mikono inavyozoea jembe. Lakini ganzi si jambo la kuzoea. Ganzi ni mwili unakuambia, “Nimebanwa, nitoe hapa.”

Tengeneza kiti kwanza

Peleka baiskeli kwa fundi, na mtoto awepo ili apimwe juu yake.

La kwanza ni urefu wa kiti. Mtu aishike baiskeli, mtoto apande, aweke kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Goti linyooke. Akikanyaga sasa kwa sehemu ya mbele ya wayo, kama inavyopasa, goti litakunjika kidogo. Ukimtazama kwa nyuma na kuona kiuno kinayumba kulia na kushoto, kiti kiko juu mno, na msamba unasuguliwa kila anapokanyaga.

La pili, kiti kilale sawa. Laza ubao mnyoofu juu ya kiti, au uazime pima maji ya fundi mwashi. Baiskeli nyingi kuukuu zina kiti ambacho pua yake imeinuka juu, na pua hiyo ndiyo inayobana. Ganzi ikizidi, pua ishushwe kidogo sana. Ikishuka mno, mtoto atateleza mbele na kuegemea mikono, kisha ganzi ihamie viganjani.

La tatu, usukani usiwe mbali wala chini mno. Mtoto akijinyoosha sana kuufikia, uzito huondoka kwenye mifupa na kuangukia msamba. Kiti kinaweza kusogezwa mbele kidogo, au usukani uinuliwe. Na baiskeli za watu wazima, kama zile nzito za Black Mamba, si za mtoto ambaye hata kiti kikishushwa kabisa bado hafikii pedali vizuri. Hapo hakuna cha kurekebisha. Tena ni hatari barabarani, kwani hawezi kutua mguu haraka.

La nne litakushangaza. Wengi wetu tukisikia mtoto anaumia tunafunga sponji nene juu ya kiti. Sponji laini mno hudidimia chini ya mifupa, halafu ikafura katikati na kubana msamba zaidi. Kiti kizuri ni kipana kiasi cha kuibeba ile mifupa miwili, na kigumu kiasi.

Mazoea ya njiani

Mfundishe mtoto kuinuka juu ya pedali kila baada ya dakika kumi hivi, kwa muda mfupi, damu ipite. Penye mashimo au matuta ainuke pia, asipigwe na kiti. Aanze na safari fupi. Kutoka Ukunda hadi Msambweni ni zaidi ya kilomita 20, na hiyo si safari ya wiki ya kwanza. Ganzi ikimshika, ashuke, atembee akiikokota baiskeli mpaka hisia zirudi.

Joto letu la pwani na jasho huleta michubuko mapajani. Avae chupi ya pamba iliyo safi na kavu. Kaptula yenye mshono mnene katikati humchubua. Msichana avae kaptula ya kubana ndani ya sketi, na nguo ndefu azikusanye zisinaswe na cheni. Akifika nyumbani aoge, ajikaushe, abadilishe nguo. Mafuta mazito ya kujipaka, akiyapaka kidogo mapajani kabla ya safari, hupunguza msuguano. Palipochubuka paoshwe kwa maji safi na sabuni, na apumzike kuendesha hadi papone. Jipu lisikamuliwe. Usipake mafuta ya taa wala dawa ya meno. Na mvulana aliyetahiriwa asipande baiskeli mpaka kidonda kipone kabisa.

Swali la kunong'onezwa

Akina mama wengine huniuliza kwa sauti ya chini, “Sista, baiskeli haitamwondolea msichana ubikira?” Jibu ni kwamba utando ule hutofautiana tangu kuzaliwa, na hakuna mkunga wala daktari awezaye kuutazama akajua kama msichana amewahi kujamiiana. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalisema wazi kwamba vipimo vya ubikira havina msingi wa kitabibu, na yakataka vikomeshwe. Msichana akijua atashukiwa, ataficha maumivu. Mwache aseme.

Lini umpeleke hospitali?

Ganzi ya kubanwa huisha dakika chache baada ya kushuka. Ikiwa kiti kimerekebishwa na bado ganzi inarudi, au inakaa hadi siku ya pili, mpeleke zahanati. Jipu lenye homa pia lipelekwe.

Mambo mawili hayangoji kesho. Mvulana akipata maumivu makali ya ghafla kwenye korodani, hata kama hakugongwa, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo, mchana au usiku. Korodani huweza kujisokota ikakosa damu, na saa sita za kwanza ndizo za kuiokoa. La pili ni mtu mwenye ganzi ya msamba pamoja na miguu kulegea, au kushindwa kuzuia au kutoa haja. Huyo naye apelekwe mara moja.

Na mtoto akikojoa damu, usiharakishe kulaumu baiskeli. Huku kwetu Msambweni na Kwale kichocho kinajulikana sana, nacho hupatikana kwa kuoga au kuchezea maji ya mito na mabwawa yenye konokono. Apimwe mkojo. Dawa yake ipo.

Yule kijana, kiti chake kilikuwa kimeinua pua. Fundi alikishusha, na baada ya siku chache kijana akarudi barabarani. Mama yake aliniambia kilichomuuma zaidi ni zile fimbo.

Basi mama, leo jioni mwulize mtoto wako anayeendesha, “Kiti kinakubana?” Ikiwa ni mvulana naye anakuonea haya, mwombe baba au mjomba amwulize. Ulizeni kwa upole, kisha mngoje ajibu. Kwa leo tuishie hapo. Kwaherini.