Kuandaa Tangi la Samaki Sarang'ombe: Kazi ya Bakteria na Chanzo cha Maji

Tangi la samaki lililojazwa leo, hata likiwa na changarawe iliyooshwa, mimea na maji maangavu, bado si makao ya samaki, kwa sababu halina bakteria wa kuondoa sumu ambayo samaki wenyewe huitoa. Samaki hutoa amonia, kemikali yenye naitrojeni, hasa kupitia matamvua, na chakula kinachooza sakafuni huongeza kiasi chake. Jamii moja ya bakteria huibadilisha amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kwa kuwa huizuia damu kubeba oksijeni. Jamii nyingine huibadilisha nitriti kuwa nitrati, ambayo kwa kiwango kidogo haidhuru, na ambayo hunyonywa na mimea au hupunguzwa kwa kubadilisha sehemu ya maji. Mwishoni mwa karne ya 19, mwanasayansi Mrusi Sergei Winogradsky alionyesha kwamba hatua hizi mbili ni kazi ya viumbe tofauti. Vitabu vingi vya ufugaji viliendelea kumtaja Nitrobacter kuwa mhusika wa hatua ya pili, hadi utafiti wa mwaka 1998 uliofanyika Marekani ulipoonyesha kwamba katika matangi ya maji baridi kazi hiyo hufanywa na Nitrospira.

Muda unaotajwa mara nyingi wa kuwasubiri bakteria hao waongezeke, yaani wiki 4 hadi 6, ni wa maji yenye joto la nyuzi 25 hivi. Jijini Nairobi, ambako maji ya chumbani mwezi Julai yanaweza kushuka chini ya nyuzi 20, bakteria huzaana polepole zaidi, na anayehesabu wiki bila kupima maji huenda akawatia samaki wakati nitriti ingali juu. Kwa mkazi wa Sarang'ombe, wadi ya jiji hilo, hata hivyo, jambo linalostahili kuulizwa kwanza ni maji yanakotoka.

Sehemu kubwa ya maji ya mifereji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, Kaunti ya Murang'a, lililokamilika mwaka 1994, kisha husafishwa Ng'ethu na kutiwa klorini. Klorini huua bakteria wanaotakiwa kama inavyoua wa maradhi, hivyo maji hayo huachwa kwenye ndoo pana kwa siku moja au mbili, yakipulizwa hewa ikiwezekana, kabla ya kumiminwa tangini. Maji haya ya milima ya Aberdare ni laini na yana bikaboneti kidogo, chumvi inayozuia uasidi usipande. Hapo ndipo penye shida isiyotarajiwa: bakteria wanapobadilisha gramu 1 ya naitrojeni iliyomo katika amonia, hutumia kinga ya uasidi inayolingana na takriban gramu 7 za kalisi kaboneti, na kinga hiyo ikiisha, kipimo cha pH hushuka, na kazi yao hukaribia kusimama pH inapofika 6. Mfugaji huona amonia haipungui, akadhani bakteria wamekufa, ilhali wamekosa chokaa tu. Vipande vya matumbawe au maganda ya konokono ndani ya chujio hurekebisha hali hiyo.

Maji ya visima virefu, ambayo pia huuzwa kwa mitungi, kwa kawaida yana bikaboneti nyingi na hayana udhaifu huo, lakini yana hatari yake, yaani pH ya juu. Katika nyuzi 20, takriban asilimia 0.4 tu ya amonia huwa katika umbo lenye sumu kali pH ikiwa 7, na karibu asilimia 4 ikiwa 8. Kiasi kilekile cha uchafu, basi, kinaweza kuvumilika katika maji ya Ndakaini na kuua katika maji ya kisima.

Kuna wanaoanza na samaki wachache wagumu na kuyabadilisha maji kila mara amonia inapopanda. Mbali na kuwatesa samaki, njia hiyo ni ghali pale maji yanaponunuliwa kwa mtungi wa lita 20. Ni afadhali kulianzisha tangi bila samaki, kwa amonia ya dukani isiyo na sabuni wala manukato, hadi kipimo kifike miligramu 2 kwa lita. Omena mkavu aliyefungwa kwenye kitambaa cha neti hutoa amonia pia anapooza, ingawa harufu yake katika chumba cha futi 10 kwa 10 haimfurahishi jirani.

Katika vifaa vya matone vinavyotumika sana, maji yenye amonia hugeuka kutoka manjano kuwa kijani, na yenye nitriti kutoka samawati kuwa zambarau. Tangi huwa tayari pale amonia iliyotiwa jioni inapoisha kufikia jioni ya kesho yake, nitriti nayo ikiwa sufuri. Hapo nusu ya maji au zaidi hubadilishwa ili kupunguza nitrati, na samaki huingizwa wachache wachache, maana bakteria waliopo wanalingana na chakula walichozoea.

Bakteria hao huishi hasa kwenye sponji ya chujio na changarawe, na huhitaji oksijeni isiyokatika. Katika mwinuko wa Sarang'ombe, mita 1,700 hivi, maji ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 7.4 za oksijeni kwa lita, dhidi ya 9.1 usawa wa bahari. Stima inapopotea kwa saa kadhaa, sponji iliyo ndani ya chujio lililofungwa hutolewa na kulazwa ndani ya tangi, na siku ya kuisafisha hukamuliwa katika maji yaliyotekwa tangini, si chini ya mfereji wenye klorini.