Mlingano wa Mstari Mnyoofu na Reli ya Korogwe

Nukta mbili zilizo mbalimbali hupitiwa na mstari mnyoofu mmoja tu. Basi mtu azijuaye nukta hizo aweza kuupata mlingano wa mstari wenyewe. Tuchukue mfano wa reli iliyojengwa kutoka Tanga wakati wa utawala wa Wajerumani.

Reli hiyo ilifika Korogwe, kilomita 84 kutoka Tanga, mwaka 1902. Ikafika Mombo, kilomita 129, mwaka 1905. Tuseme x ni miaka iliyopita tangu 1896, na y ni urefu wa reli kwa kilomita. Kwa hiyo Korogwe ni nukta (6, 84), na Mombo ni nukta (9, 129).

Kwanza twatafuta mteremko, yaani tofauti ya y ikigawanywa kwa tofauti ya x. Tukianza na Mombo juu, sharti tuanze na Mombo chini pia:

m = (129 − 84) ÷ (9 − 6) = 45 ÷ 3 = 15

Maana yake, kati ya miji hiyo reli iliongezeka kwa wastani wa kilomita 15 kila mwaka. Sasa mlingano ni y = 15x + c. Tukitumia nukta ya Korogwe, 84 = 90 + c; hivyo c = −6. Jibu letu ni:

y = 15x − 6

Tulihakikishe kwa Mombo: 15 × 9 − 6 = 129. Hesabu ni sahihi.

Je, mlingano huu wasema kweli juu ya mwaka 1896? x ikiwa 0, y ni −6: reli yenye urefu chini ya sifuri! Kumbe mwaka huo reli ilikwisha fika Muheza, kilomita 40. Kosa si la hesabu. Kampuni iliyoanza ujenzi mwaka 1893 iliishiwa fedha, na serikali ya kikoloni ikaitwaa reli mwaka 1899. Ujenzi haukwenda kwa kasi moja. Nukta mbili hutupa mstari daima; nukta ya tatu ndiyo hushuhudia kama mstari huo wafuata mambo yalivyo.

Zoezi: Tafuta mlingano upitao Muheza (0, 40) na Korogwe (6, 84), kisha ukadirie urefu wa reli mwaka 1905. Utapata kilomita 106. Eleza kwa nini zimepungua 23.