Kulitambua Gugu kwa Kulikuza

Mwanafunzi wa botania apewapo mmea asioujua, kwanza hutazama rangi ya ua na urefu wa shina. Sifa hizo huonekana upesi, lakini mara nyingi ndizo zinazopotosha. Hebu tuyachunguze magugu fulani ya malisho ya Uingereza, yaliyowaonyesha wanasayansi kwamba kuna mimea isiyoweza kutambuliwa sawasawa mpaka ipandwe na vizazi vyake vitazamwe.

Magugu hayo ni ya jenasi Centaurea, nasi tutayaita sentaurea. Yamo katika familia ya alizeti. Tunachokiita ua la alizeti kwa hakika ni kichwa kilichokusanya vijiua vingi, na ndivyo ilivyo kwa sentaurea. Vichwa vyake vya zambarau huchanua kuanzia Juni hadi Septemba, na kwa mbali hufanana na vya mbigili wa Ulaya, ila majani yake hayana miiba.

Alama kuu ya utambuzi iko chini ya vijiua, kwenye magamba yaliyopangana kama vigae vya paa. Magamba hayo huitwa brakti. Katika Centaurea nigra ncha ya brakti ni ya kahawia iliyokoza au nyeusi, na ukingo wake una nyuzi kama meno ya kitana. Katika Centaurea jacea ncha ni ya kahawia hafifu, na ukingo wake ni mzima au umechanika bila mpango. Zaidi ya hayo, vijiua vya pembeni vya C. jacea ni vikubwa na havizai mbegu. Kazi yake ni kuwavuta wadudu. Kwa kawaida C. nigra haina vijiua vya namna hiyo.

Hata hivyo, katika malisho mengi ya Uingereza huonekana mimea yenye brakti zinazokaribia za C. nigra pamoja na vijiua vikubwa vya pembeni. Je, hiyo ni spishi nyingine? Ni athari ya udongo? Au ni machotara? Mmea uliokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi hauwezi kulijibu swali hilo peke yake.

Walioshughulikia jambo hili kwa bidii ni E. M. Marsden-Jones na W. B. Turrill. Huyu wa pili alikuwa mtaalamu wa Bustani ya Kew. Waliikuza mimea hiyo huko Potterne, katika wilaya ya Wiltshire, wakaichavusha kwa mkono na kuichunguza miche iliyozaliwa. Matokeo waliyatoa mwaka 1954 katika kitabu British Knapweeds. Walionyesha kwamba spishi hizo mbili huzaliana, na kwamba machotara wao nao huzaa. Katika vizazi vinavyofuata, sifa za brakti na za vijiua vya pembeni hugawanyika na kuchanganyika kwa namna nyingi. Basi sehemu kubwa ya mimea ile ya katikati ilitokana na uchotara.

Kazi ya kuikuza si ngumu. Mbegu hufunikwa kwa udongo mwembamba, na mimea mingi huchanua katika mwaka wa pili. Kwa kuwa sentaurea hizi huishi miaka mingi, shina moja laweza kugawanywa pamoja na mizizi yake na vipande vikapandwa katika udongo wa aina mbalimbali. Vipande hivyo vina urithi mmoja; kwa hiyo vikitofautiana, chanzo ni mazingira. Anayetaka kuchavusha kwa mkono hana budi kuvifunika vichwa kabla havijachanua, kwani nyuki huhamisha chavua.

Utambuzi huu una faida zake. Chotara huyo alienea hadi Marekani, na huko ameyavamia malisho ya Oregon na Washington. Kwa sababu hiyo mwalimu asiagize mbegu zake kwa ajili ya majaribio. Kishona nguo, aitwaye Bidens pilosa, ni wa familia hiyohiyo naye yuko kila mahali. Wanafunzi na wachume mbegu za mmea uliodumaa kando ya barabara na za mmea mrefu wa shambani, wazipande katika tuta moja. Tofauti ikitoweka, ilitokana na mazingira. Ikidumu kizazi baada ya kizazi, ni ya urithi. Tena wachunguze kama vijiua vyeupe vya pembeni vipo au havipo.

Turrill huyohuyo, pamoja na E. Milne-Redhead, ndiye aliyeanza mwaka 1952 kuhariri Flora of Tropical East Africa, orodha kuu ya mimea yetu iliyokamilika mwaka 2012. Kazi ya kuikuza mimea iliyoorodheshwa humo na kuvitazama vizazi vyake bado ni pana, na yaweza kuanzia katika bustani ya shule.