Je, Wajua? Mashahidi Watatu Waliochelewa Kufika

Linganisha 1 Yohana 5:7 katika Biblia mbili, na huenda ukashangaa. Moja inataja mashahidi watatu wa mbinguni: Baba, Neno na Roho Mtakatifu. Nyingine haina maneno hayo kabisa. Inakwenda moja kwa moja kwa Roho, maji na damu. Kulikoni?

Kama kumi tu kati ya mamia
Nakala za Kigiriki za waraka huu zilizoandikwa kwa mkono ni mamia, lakini zenye mashahidi wa mbinguni ni kama kumi tu, na katika baadhi yake maneno yamechomekwa pambizoni. Hata tafsiri za kale za Kisiria, Kikopti na Kihabeshi hazikuwa nayo.

Turufu ambayo haikuchezwa
Katika karne ya 4 Wakristo wa Kigiriki walibishana vikali kuhusu Utatu, lakini hakuna aliyeutaja mstari huu. Nani ashike turufu mkononi asiicheze? Waliutetea Utatu kwa maandiko mengine, na imani hiyo ikasimama.

Yalianzia kwenye Kilatini
Maneno haya yanaonekana waziwazi kwa mara ya kwanza huko Hispania, mwishoni mwa karne ya 4. Wataalamu wengi huona yalikuwa maelezo ya pembeni, kama yale tunayoandika kwa penseli kando ya kitabu. Mnakili aliyefuata alidhani ni maneno yaliyorukwa, akayarudisha ndani kwa nia njema!

Erasmus aliyaacha mara mbili
Alipochapisha Agano Jipya la Kigiriki mjini Basel mwaka 1516, na tena 1519, msomi Erasmus hakuyaweka, akalaumiwa sana. Kisha ikaletwa nakala ya Kigiriki yenye maneno hayo, nayo ilikuwa changa, ya enzi zake mwenyewe. Toleo la 1522 likayapokea, na kwa njia hiyo yakafika hadi Biblia ya Kiingereza ya King James ya 1611. Nakala yenyewe ipo Dublin hadi leo.

Newton naye alizama humo
Ndiyo, yuleyule wa nguvu za mvutano! Mwaka 1690 Isaac Newton alimwandikia rafiki yake John Locke uchunguzi mrefu kuhusu mstari huu. Ulichapishwa 1754, miaka 27 baada ya kifo chake.

Tunajuaje yote haya?
Chukua wimbo mmoja unaoimbwa na kwaya za vijiji ishirini. Kwaya moja ikiongeza ubeti, nyingine kumi na tisa zitaufichua. Wanakili walioinama juu ya ngozi kutoka Misri hadi Hispania hawakujuana, lakini kazi zao zikiwekwa pamoja mezani, kila moja huitolea nyingine ushahidi.